Ubatizo kwenye Ufuo wa Altwiek

17 Juni 1956

Nimefika Altwiek. Kibanda cha ushirika nimekikuta kama nilivyokiacha mwaka jana, isipokuwa panya wamezaa ndani ya sanduku la mishumaa. Nimefagia, nimepanga mkate mweusi, haradali, samaki wa siki na soda ya limau, kisha nikafunga dirisha, nikavua kila nilichovaa na kushuka ufuoni kukitazama kibao.

Kibao ni kipya, rangi bado inanata kidoleni. Kinasema kuanzia hapo hadi kwenye msonobari ulioanguka, kuoga bila nguo kunaruhusiwa. Nimelisoma neno hilo la mwisho mara mbili kama mjinga. Mwaka juzi polisi walikuwa wakitufukuza juu ya matuta ya mchanga huku wameshikilia kofia zao zisipeperuke. Tukaandika barua, madaktari na walimu na mafundi wa kuchomelea, tukaandika tena, mpaka wakubwa wakachoka kutusoma. Sasa ruhusa tunayo, na atakayetaka kutunyang'anya ataanza na mimi.

Laiti baba angekuwepo. Nilipokuwa mtoto alinipeleka kila Jumapili kwenye chama cha wafanyakazi kule ziwani, nje ya Berlin. Tulifanya mazoezi ya viungo kwa mistari, uchi wote, fundi bomba kando ya mwalimu mkuu, na hakuna aliyejua nani ni nani. Mwaka wa thelathini na tatu wakaja watu wa sare, wakakivunja chama na kuuchukua uwanja. Baba alirudi nyumbani akaniambia kwamba anayeuogopa mwili mtupu ana jambo analolificha. Nimekua na maneno hayo, na mpaka leo mtu aliyefunga vifungo vyote mchangani hunipandisha hasira.

21 Juni

Mahema yameota kama uyoga. Ottokar, fundi wa kuchomelea kutoka Magdeburg, amekuja na mkewe Sieglinde, mtoto wao na kitambi kipya, kikubwa kuliko cha mwaka jana. Jioni wamenichagua tena kuwa msimamizi wa ufuo na kunivisha filimbi. Ottokar akasema hiyo ndiyo nguo yangu rasmi, wengine wasinionee wivu. Kibandani lakini lazima nivae aproni, kwa amri ya watu wa afya. Aproni tu. Nikigeuka kuchukua soda, foleni nzima hukohoa.

Nimewasomea wageni sheria zetu, nazo ni chache. Mchangani hakuna bwana wala bibi. Kila mtu aitwe jina lake la kwanza. Kila familia ichimbe boma lake, ukuta wa mchanga wa mviringo unaofika magotini, na kuandika mji wao kwa makombe, na mtu asiingie boma la mwenzake bila kukaribishwa. Mwenye nguo anaweza kupita kando ya maji ila asisimame. Akisimama, aambiwe avue au aondoke. Akikaidi, ni ubatizo.

Ubatizo tuliuanzisha miaka ile ya kufukuzwa. Watu wanne humbeba mkaidi, mikono na miguu, humtumbukiza baharini, na akitoka anakuwa kama sisi. Mwaka jana tulimbatiza mtu wa gazeti aliyejificha majanini na kamera. Alitukana, kisha akacheka, kisha akatununulia bia.

24 Juni

Mvua. Nimeuza mishumaa.

28 Juni

Leo amepita mzee mmoja kando ya maji, kavaa koti, tai, kofia na viatu vya ngozi, na jua linawaka. Anatembea taratibu, uso kaugeuzia baharini. Ottokar akaniuliza kwa sauti kama huyu anakwenda benki au anatoka mazishini. Tumempa jina la Bwana Koti. Amepanga chumba kijijini kwa Mama Pagel, yule ajuza anayeniuzia mayai.

2 Julai

Bwana Koti tena. Hana tai.

5 Julai

Bwana Koti kapita na viatu mkononi, soksi kazichomeka ndani ya viatu. Amesimama mbele ya kibao akakisoma kana kwamba kuna mtihani. Nikamwendea, nikamweleza kwamba kupita ruksa, kusimama hapana. Alinitazama usoni tu, macho hayakushuka hata kidogo, akasema samahani na kuondoka. Miguu yake ni myeupe kama maziwa. Sieglinde anasema mtu wa adabu namna hiyo ndiye wa kuogopwa.

9 Julai

Leo koti kaliacha nyumbani. Kofia pia. Ottokar analalamika kwamba tutalazimika kumbatiza jina upya.

12 Julai

Upepo wa kaskazini. Hakuna aliyeoga ila mimi, kwa sababu nisingekubali kuchekwa.

16 Julai

Bwana Koti kachimba boma. Hapo hapo kando ya kibao, ndani ya mpaka wetu, kwa koleo la Mama Pagel la viazi. Boma lenyewe limepinda kama chungu kilichoungua, lakini kalichimba kutwa nzima, kavaa shati jeupe la mikono mirefu na kaptura ya kijivu. Halafu akaokota makombe na kuandika ALMUT.

Watu wamevunjika mbavu. Sisi tuna Halle, Magdeburg, Zwickau. Ottokar akauliza kama kuna anayejua treni ya kwenda Almut inapitia wapi.

18 Julai

Manung'uniko siku nzima kibandani. Ametufanyia kusudi, anasema mmoja. Kaja kuchungulia na kajijengea kabisa kiti cha mbele, anasema mwingine. Sieglinde anadai anawatazama wanawake kama mtu anayechagua samaki sokoni, na kwamba Almut ni msichana anayemvizia.

Mimi nilimchunguza asubuhi yote kutoka dirishani. Anatazama maji. Hatazami kitu kingine. Lakini sikusema, kwa sababu wote walikuwa wananitazama mimi na filimbi yangu, wakingoja kuona kama ninaogopa.

19 Julai

Tumembatiza Bwana Koti. Lazima niandike vizuri maana siku kama hii haiji kila mwaka.

Joto lilikuwa kali na ufuo ulijaa hadi kwenye msonobari. Alikuja kama kawaida yake, akaketi ndani ya boma lake, shati limefungwa hadi shingoni. Nikamwendea na watu wakanifuata. Nikamwambia, rafiki, umesoma kibao mara nyingi kuliko aliyekiandika; vua au ondoka. Akasimama. Akapeleka mikono kwenye kifungo cha juu, akaishikilia pale. Watu wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Akasema, "Ngojeni. Ngojeni kidogo."

Nikapuliza filimbi.

Ottokar na wenzake watatu wakamnyanyua. Hakupigana. Walipomvusha juu ya ukuta wa boma makombe yalitawanyika, na mimi niliyekuwa nyuma yao nikayakanyaga. Wakamzamisha, akaibuka, wakamzamisha tena, na alipoibuka mara ya pili shati lilikuwa mkononi mwa Ottokar na kaptura mkononi mwa mwingine. Ufuo mzima ulishangilia. Watoto walikuwa wanaruka majini wakiimba, na Ottokar akalifunga shati kwenye mti wa mwavuli kama bendera.

Tulimngoja acheke. Kila mtu hucheka mwishoni. Yeye alitoka majini amejiziba kwa mikono miwili, akashindwa kupanda mchanga bila kutumia mikono, akaanguka kwa magoti, akainuka, akakimbia kuelekea kwenye misonobari. Mimi nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika kiuno.

Baadaye. Nimeyasoma niliyoandika na sikuyapenda. Jioni kila mtu kibandani alikuwa ananiuliza jambo moja, kama nilimwona vizuri, kama ana kovu, ana ugonjwa wa ngozi, ana namba ya mfungwa iliyochanjwa kambini. Nilimwona vizuri. Hana kitu. Ana mwili wa mzee kama mwili wa mzee yeyote. Walivunjika moyo kidogo, na mimi pia, maana kama angekuwa na kovu tungejua kwamba tumekosea, na kama asingekuwa nalo tungejua kwamba hatukukosea. Ndivyo nilivyokuwa nimejipangia. Sasa hana kovu na bado nimeuacha mkate wangu mezani.

20 Julai

Mama Pagel kashuka asubuhi. Hakuleta mayai. Akasimama mbele ya dirisha na kuniambia nimpe nguo za mpangaji wake.

Nilimpa, zimekauka na chumvi. Shati lilikuwa halina vifungo viwili. Alizikunja polepole juu ya meza yangu, na bila mimi kumwuliza akasema kwamba jana mpangaji wake alirudi nyumbani kajifunga majani ya kangaga, kapitia nyuma, kwenye banda la kuku, na mpaka sasa hajafungua mlango.

Nikasema ulikuwa utani. Nikasema sheria iko kwenye kibao.

"Almut ni mkewe," akasema Mama Pagel. "Alikuwa anakuja kuoga hapahapa, kabla ya vita na baada ya vita, uchi kama nyinyi. Huyu bwana alikuwa anakaa nyuma ya tuta na nguo za mkewe mapajani, kavaa koti lake, anamngoja. Mkewe alimsihi maisha yote aingie naye, mara moja tu. Hakuweza. Mwezi wa tatu amemzika. Akaniandikia nimpangishe chumba kiangazi chote, akasema safari hii ataingia, hata kama itabidi avue kitu kimoja kimoja."

Kisha akachukua nguo na kwenda zake.

Nimefunua kurasa zilizopita za daftari hili. Tai. Viatu, soksi. Koti. Kofia. Niliyaandika mwenyewe yote, kwa mkono wangu, moja baada ya jingine, na nikacheka nayo. Baba alisema ana jambo analolificha. Alichokuwa anaficha mzee huyu ni haya zake tu, haya za kawaida, na alikuwa anazitua mbele yetu kila siku kidogo.

21 Julai

Boma lake lipo bado. Hakuna anayepita pale. Watu wanazunguka kana kwamba mtu kalala ndani.

22 Julai

Nimepeleka keki ya cherehani ya jirani, yaani niliioka kwenye jiko la jirani mwenye cherehani, maana mimi sina oveni. Naandika upuuzi kwa sababu sitaki kuandika kwamba hakufungua mlango. Mama Pagel aliipokea keki, akaitazama, akaniuliza kama nimekuja kuomba radhi au nimekuja kumziba mdomo asiende kushtaki. Nikasema kuomba radhi. Njiani nilijiuliza mwenyewe na sikuwa na hakika.

23 Julai

Mtu keshashtaki, na siye yeye. Ni familia moja ya ufuo wa wenye nguo, walioona kwa darubini. Ndugu Stüwe wa baraza la kijiji anakuja Alhamisi. Kibao hakina hata miezi miwili. Wakitaka kuking'oa, sababu tumewapa wenyewe.

25 Julai

Kikao nyuma ya kibanda. Nilisema tueleze ukweli. Sieglinde akaniuliza kwa upole kama niko tayari kuwaambia watu mia tatu wafungashe mahema kwa sababu ya shati moja. Ottokar alikuwa anachora mchanga kwa kidole. Akasema, bila utani safari hii, kwamba mtoto wake mwenye mapafu mabovu hupumua vizuri hapa tu. Mwisho tukakubaliana: mzee aliogopa maji, akaomba kusaidiwa kuingia. Nani atasema? Msimamizi, bila shaka. Wakanitazama tena namna ile ile kama siku ya filimbi, na mimi nikaitikia tena namna ile ile.

26 Julai

Ndugu Stüwe alikuja anatokwa jasho, akaketi juu ya kreti ya soda. Sisi tulijifunga mataulo kwa heshima yake. Mimi nilivaa gauni.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi sina ugomvi na matako ya mtu. Lakini nimeletewa malalamiko kwamba raia kavuliwa nguo kwa nguvu, na likithibitika, kibao kinatoka leo hii. Sasa semeni."

Nilikuwa sijajua kwamba amemwita pia mzee mwenyewe. Bwana Matzke, hilo ndilo jina lake, Reinhold Matzke, alitokea kwenye njia ya misonobari amevaa koti, tai, kofia na viatu vya ngozi. Kila kitu kilikuwa kimerudi mwilini mwake. Akasimama mbali kidogo na watu.

Nikasema. Nilisema kwa sauti nzuri ya darasani kwamba mzee aliogopa mawimbi, kwamba aliomba mkono, kwamba nguo zilichukuliwa na maji. Alikuwa ananitazama usoni muda wote, kama siku ile ya kibao. Nilipomaliza, Ndugu Stüwe akamgeukia.

"Ni kweli hayo, Bwana Matzke? Uliomba?"

Akautazama ufuo hadi kwenye msonobari ulioanguka.

"Ni kweli," akasema. "Niliomba."

Watu wakapiga makofi. Ni furaha tu, hawakuwa na nia mbaya, lakini nilimwona akirudi nyuma hatua moja, mkono umekwenda kwenye kola. Yalikuwa makofi yale yale.

Nilimkimbilia njiani. Nikamuuliza kwa nini amesema vile.

"Almut alipapenda hapa," akasema. "Sikutaka pafungwe kwa ajili yangu."

"Nisamehe, Reinhold."

Akatazama viatu vyake vilivyoingia mchanga. Kisha akasema, bila hasira, "Nilikuwa nimebakiza shati na kaptura, Bi. Behnke. Mngeningoja kidogo tu. Sasa mnataka niseme si kitu. Lile la Ndugu Stüwe nimelisema, hili la kwamba si kitu sitalisema."

Aliniita Bi. Behnke, juu ya mchanga wetu.

27 Julai

Wamenywa bia hadi mapipa yakakauka. Wananiita mwokozi wa ufuo. Nilifunga kibanda mapema.

31 Julai

Mvua. Haradali imekwisha.

3 Agosti

Nimerudisha filimbi. Ottokar hakuipokea, akaitundika kwenye msumari wa kibanda changu, nikiuza mkate naiona. Nikamwambia kwamba nilijua. Kwamba siku moja kabla, nilikuwa nimeona wazi mzee anatazama maji tu, na nikanyamaza. Akasema, "Maji tu yale, Traudel. Hakuna aliyekufa." Kisha akaondoka bila kunywa soda aliyoilipia.

5 Agosti

Mama Pagel anasema kuna mtu kaacha ndoo ya samaki mlangoni kwake, mikunga kumi na mmoja, bado hai. Hapa mikunga anawavua Ottokar peke yake. Sikumwambia Mama Pagel.

8 Agosti

Jambo la ajabu, siwezi tena. Nimeoga uchi tangu nikiwa na miaka minne. Leo nilivua, nikatembea hadi majini, na njia nzima nilihisi nimevuliwa. Kila aliyenitazama niliona ananitazama. Nilirudi kuchukua taulo. Sieglinde akacheka akaniuliza kama ninaumwa.

Hivi ndivyo alivyokuwa anajisikia akiwa kavaa koti. Na sisi tulidhani nguo zinamsitiri.

10 Agosti

Nimepata wazo. Mzee hatakuja tena mchana, hilo ni wazi. Lakini kama bado anataka kuingia, atakuja alfajiri, watu wakiwa wamelala. Nitamngoja pale kwenye kibao, peke yangu, bila filimbi, na nitamwomba radhi ipasavyo, si mbio mbio njiani. Nitamwambia kwamba nilijua. Hilo bado hajalisikia kutoka kwangu, na ana haki ya kulisikia.

11 Agosti

Nilikuwa kwenye kibao kabla ya jua. Hakuja.

12 Agosti

Nilichukua keki na kahawa kwenye themosi. Hakuja. Nimelikarabati boma lake, nimenyoosha ukuta uliopinda, kisha nikaona nimeliharibu, halikuwa lake tena, nikaupindisha upya.

13 Agosti

Hakuja.

15 Agosti

Nilidhani nimemwona mtu juu kwenye misonobari, kasimama. Nikapunga mkono. Labda ni mwokota uyoga. Aliondoka.

16 Agosti

Mvua, nilikwenda hivyohivyo. Nimekusanya makombe na kuandika upya ALMUT. Nina hakika herufi ya pili aliiandika kubwa kuliko ya kwanza, nimeiandika vile vile.

19 Agosti

Hakuja. Watu wameanza kuondoka. Mahema yakiisha kung'olewa huacha miraba ya nyasi za njano.

21 Agosti

Nimekwenda kwa Ndugu Stüwe ofisini. Nikamwambia kwamba nilisema uongo, kwamba mzee hakuomba, alisema tungoje, na mimi ndiye niliyepuliza filimbi. Nilikuwa tayari kwa lolote. Hata kibao, nilikuwa tayari king'olewe.

Alinisikiliza huku akipangusa shingo kwa leso. "Yeye mwenyewe kasema aliomba," akasema. "Kasema mbele ya watu. Sasa unataka nimwandike mwongo, mgane wa watu? Ili wewe ulale vizuri? Msimu umebaki wiki mbili, Bi. Behnke. Kauze haradali."

Nimetembea hadi nyumbani kwa miguu. Sikumpinga kwa sababu alikuwa amesema kweli. Nilitaka kulala vizuri.

22 Agosti

Kwenye kibao, alfajiri. Hakuja.

25 Agosti

Niliona tena mtu kwenye misonobari, sasa nina hakika, alikuwa na kitu cheupe begani. Niliita jina lake. Jina lake la kwanza, kwa adabu ya mchangani. Akageuka akaenda zake.

Pengine ananiogopa. Nitaendelea kuja mpaka aone kwamba sina nia mbaya.

27 Agosti

Hakuja.

29 Agosti

Kikao cha kufunga msimu. Wamenichagua msimamizi wa mwaka ujao, mikono yote juu. Nikasimama nikakataa, nikasema sababu. Nilieleza yote, siku ya tai hadi siku ya shati. Wengine walitazama chini. Sieglinde alilia, nilishangaa. Mmoja wa wageni wa Zwickau akasema ni vizuri kujikosoa lakini tusikuze mambo, mzee mwenyewe ametusamehe, si alisema mbele ya baraza? Na wakapiga kura tena, nikapita tena. Ottokar peke yake hakuinua mkono. Nilimshukuru kwa macho.

Ubatizo umefutwa hata hivyo. Hilo niliwabana mpaka wakalipitisha.

31 Agosti

Kwenye kibao hadi jua likapanda kabisa. Ufuo ulikuwa mtupu kutoka mwanzo hadi mwisho na maji yametulia, ya uvuguvugu, siku nzuri kuliko zote za mwaka huu. Nilimwombea aje. Nilikaa na kumwombea.

2 Septemba

Mama Pagel kaleta chupa tupu za soda. Akasema mpangaji wake kaondoka jana kwa basi la asubuhi, na hatarudi, ameshamwachia hata koleo jipya la viazi.

Nikamuuliza kama aliwahi kuingia majini. Nilimuuliza nikiwa nimempa mgongo, nikipanga chupa.

"Alikuwa anateremka kila alfajiri," akasema. "Wiki hizi tatu zote. Taulo begani, shati tu mwilini, hata viatu hana. Nikawa namwona kutoka dirishani nikasema sasa, leo leo. Na kila siku taulo linarudi kavu. Mwisho nikamuuliza, bwana, ni baridi? Akasema siyo baridi, mama. Yule bibi yuko pale kwenye kibao."

Nikaendelea kupanga chupa. Mama Pagel akachukua kikapu chake na kupanda njia ya misonobari.

Kila alfajiri nilikuwa pale. Hata siku ya mvua nilikwenda.